Zamu ya Resian

Wayua alianza kulia kabla hajapewa maikrofoni.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa hadi madirishani. Wakazi wa vijiji vya nyuma ya Kitengela walikuwa wameitwa waseme pesa za kaunti za upande wao zifanye nini mwaka huu. Zilitosha kazi moja tu: kufufua kisima kilichokufa, au kujenga wodi ya kujifungulia kwenye ploti moja kando ya lami. Picha ya wodi, yenye rangi na maua mlangoni, ilikuwa imeshabandikwa ukutani. Kisima hakikuwa na picha.

Resian alisimama nyuma ya yule mama, akingoja zamu yake. Alikuwa na karatasi zenye sahihi mia tatu na kumi na sita, nyingi zikiwa alama za kidole gumba. Alizikusanya kwa miguu, boma hadi boma, tangu amzike binti yake.

Pampu ya kisima ilipoungua, wanawake walianza kuteka maji kwenye timbo la zamani, shimo lililoachwa na wachonga mawe likajaa maji ya mvua. Seleyian alikuwa na miaka tisa. Aliteleza na mtungi wake mdogo. Walimtoa jioni.

Asubuhi hiyo wifi yake, Soipan, alikuwa amemsihi. "Usiende kusoma karatasi tu. Waambie ya mtoto."

"Sitamtembeza mtoto wangu kwenye maiki," Resian alijibu. "Hizi sahihi zinatosha."

Sasa afisa wa bajeti aliyetoka Kajiado alikuwa akimwita yule mama. "Songa karibu. Unaitwa nani?"

"Wayua. Naishi kwa zile ploti mpya, huko juu." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Mtoto wangu sasa angekuwa na miezi saba."

Akasimulia. Uchungu ulimshika mchana, mvua ikinyesha, na pikipiki iliyombeba ikazama kwenye tope. Alijifungulia kando ya ua wa seng'enge, mwenye pikipiki akimwekea koti lake juu kama hema. Mtoto alilia mara moja.

"Mara moja tu," alisema, akainua kidole kimoja. "Nilikuwa nimempa jina la mamangu. Mutindi."

Wanawake wakafunika nyuso. Afisa akavua miwani.

Kule nyuma mzee Musila, aliyekuwa mwalimu, akasimama. "Pole sana, mama. Lakini zahanati tuko nayo. Shida ni haina nesi. Hiyo wodi mpya itazalisha nani bila nesi? Na hiyo ploti, kwani ni ya nani?"

"Wewe mzee huna haya?" mwanamke mmoja akamkemea. "Mama analia, wewe unauliza ploti!"

Wakamzomea mpaka akaketi.

Maikrofoni ikamfikia Resian. Alijua kwamba jina moja tu, akilitaja, lingeugeuza ukumbi wote. Lakini Wayua alikuwa ameketi sakafuni mbele yake, mikono tumboni, akiyumba polepole. Resian akaona kwamba akisema sasa, atakuwa anashindanisha watoto wawili walio kaburini.

"Mimi nilikuja kuomba maji," alisema. "Lakini huyu mama amenishinda. Mpeni."

Mikono ikainuliwa. Ya kisima ilikuwa kumi na mmoja. Afisa akaandika, akafunga faili.

Nje, simu ya Resian ikalia.

"Wamesema nini?" Soipan aliuliza.

"Tungoje mwaka ujao."

"Kwa hivyo wasichana wangu niendelee kuwatuma timbo?"

Resian alikata simu, akasimama na karatasi zake kwenye jua. Kisha akamwona Wayua peke yake langoni na kumwendea, kwa sababu alijua jinsi watu wanavyokulilia na kisha kwenda zao.

"Ulimzika wapi?"

"Nyumbani. Ukambani."

"Wangu yuko hapa hapa," Resian alisema. "Alizama tukitafuta maji." Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusema hivyo. "Usiku utakuwa mrefu, lakini utalala. Mimi siku hizi nalala kidogo."

Wayua alimtazama. Kisha akageuza uso kuelekea barabarani. Resian akamkumbatia, akamshika hivyo kwa nguvu mpaka gari jeupe liliposimama kando yao.

"Ni ndugu yangu," Wayua alisema, akajitoa, akaingia haraka.

Dereva, Timothy, hakuzungumza mpaka walipofika lami. Hapo akampa chupa ya maji na mkate uliofungwa kwenye karatasi.

"Umefanya poa sana leo," alisema. "Kesho ni Isinya, saa nne. Huko wenye ploti wanataka soko, si wodi. Kwa hivyo wewe ni mjane, bwana yako aligongwa na lori akiuza nyanya kando ya barabara."

Wayua alikunja leso yake vizuri, akaiweka mapajani.

"Na niko na watoto wangapi?"