Mashine ya Kutunza Maficho

"Funga dirisha kwanza, mwanangu," alisema bibi mgeni. "Haya maneno yakisikika, mtu atakufa."

Fundi wa kompyuta akafunga. Bibi alitaka tovuti ya wake waliokimbia vipigo. Mwanamke aandike amejificha wapi, nayo imjibu papo hapo, kulingana na alipo, nyumba gani ya karibu itampokea.

"Sasa nieleze. Nani ataweza kuyasoma hayo?"

Fundi akakuna kichwa. Swali lilimgusa pabaya. Mdogo wake, mshonaji, alikuwa amejificha nyuma ya duka hilohilo la fundi, stoo, na kichanga chake. Mumewe ameapa kumtoa roho popote atakapomkuta.

"Seva ya kukodi ni rahisi, bibi. Lakini ina wafanyakazi wake, na mwenye pesa atawalainisha. Tukiweka kila kitu kwenye mashine moja, mwizi akivunja mlango tu, kabati la siri analo."

"Lo! Basi tumekwisha."

"Hatujakwisha. Tuvitenganishe vitu. Kurasa zikae kwenye seva ya kukodi. Majina na maficho yakae kwenye mashine ya pili, nyumbani kwako. Ufunguo uwe nao wewe peke yako. Hata mimi nisiweze kufungua."

"Mimi tena? Kizee ambaye hata redio nawashiwa na jirani?"

"Ndiyo uzuri wake huo. Nani atakushuku?"

Wakacheka. Bibi akamshika mkono, hakuuachia upesi. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Fundi akaifanya kazi ile kama anajenga nyumba ya mama yake. Akaipeleka mashine kwa bibi, akaiunganisha pale mlangoni, maana ndani hakukaribishwa. Aliporudi, akaingia stoo, akampa mdogo wake simu.

"Anza wewe."

"Naogopa, kaka."

"Andika tu, usiwe na wasiwasi. Nimefunga mpaka nimejifungia mwenyewe nje."

Akaandika, huku akimbembeleza mtoto kwa goti. Jina, kazi, mtaa, duka, stoo. Hakumaliza hata kupumua, jibu likaingia: *Usisogee hapo ulipo. Tunakuja kukuchukua.*

Akalia kwa furaha.

Kule nyumbani, bibi alisoma mpaka mwisho, kisha akageukia sebule yake, walikokaa wanaume tu, wamebanana kwenye mabenchi.

"Aliyekimbiwa na mshonaji," akaita, "njoo."