Mumiani wa Soko la Voi

Mchana mmoja wa mwaka 1994, umati ulimkamata daktari wa mifugo kutoka Ndara mbele ya duka la Zubair. Alikutwa na sindano ya ng'ombe mfukoni, na Voi nzima ilikuwa ikimtafuta mumiani tangu watu watatu waamke hawana nguvu, wana vitundu viwili shingoni.

"Mimi natibu ng'ombe tu, jamani!" alilia. Jiwe likampata juu ya jicho, damu ikamshuka shavuni.

Zubair aliitazama damu ile, mate yakamjaa mdomoni. Akajionea haya. Wale watatu walikuwa wateja wake, na bado walimwamkia kwa heshima kila asubuhi.

Akatoka juani, ngozi ikimchoma.

"Mwacheni. Mumiani ni mimi."

Watu wakaangua kicheko.

"Wewe, Mzee Zubair?" alisema mama muuza mboga. "Hata kuku unachinjiwa na jirani! Rudi ndani, jua litakuumiza."

Mtu mmoja akaleta mafuta ya taa.

Zubair akafungua mdomo wote, hadharani, kwa mara ya kwanza tangu ahamie mjini.

Kicheko kikakatika. Mikono iliyomshika daktari ikaanza kumwachia.