Mashine ya Marehemu Inasaga Nini

Jirani ambaye mtaa mzima unamwita Redio aliapa kwamba kila mchana, saa saba kamili, mashine ya marehemu inanguruma jikoni kwa mzee, na kabla haijanguruma, mzee husikika akimbembeleza mwanamke.

"Mimi sisemi kitu, mwanangu," alimwambia fundi cherehani, binti wa mzee huyo. "Ila maganda ya kusaga anayatoa wapi? Si wewe unayempikia?"

Swali likamganda. Kweli, tangu mama yake azikwe, miezi miwili sasa, yeye ndiye aliyepika kwake na kumpelekea baba hotipoti kila asubuhi. Jioni aliikuta tupu, imeoshwa, na baba akimsifu kwamba mkono wake umefanana na wa mama yake. Jikoni kwa mzee hakikuingia hata kitunguu.

Mashine yenyewe ilikuwa kama ndoo ndogo yenye mfuniko, ya umeme, juu ya meza. Ukitia maganda inayakausha na kuyasaga mpaka yanakuwa unga mweusi. Redio aliicheka tangu siku iliponunuliwa: inakula umeme, na unga wenyewe si mbolea mpaka uuchanganye na udongo, ungoje wiki kadhaa. Marehemu alimjibu kwamba yeye amechoka na nzi, na kungoja anajua. Ikawa kipenzi chake. Hata alipougua akalala kitandani, hamezi tena chakula, alitaka mlango wa jikoni uachwe wazi aisikie.

Leo mwanamke mwingine ndiye anayeibonyeza. Miezi miwili tu. Udongo wa kaburi haujashuka vizuri.

Na baba hakuonekana mtu mwenye siri. Kila Jumapili alibeba kopo la unga ule kwenda kuumwaga kaburini. Suruali zilimpwaya, akasema ni sabuni za siku hizi, zinatanua nguo.

Fundi cherehani aliacha gauni la mteja chini ya sindano, akafika saa saba kasoro. Alivua viatu, akanyata ukumbini mpaka mlango wa jikoni. Ndani, baba yake alikuwa anaongea kwa sauti laini ambayo hakuwa ameisikia tangu msiba.

"Kidogo tu, mke wangu. Ukila utapata nguvu."

Akausukuma mlango, matusi ya kumpa huyo mwanamke yamemjaa mdomoni.

Hapakuwa na mwanamke. Baba yake alikuwa ameinamia mashine, anaitilia kwa kijiko wali na maharage aliyoletewa asubuhi, chakula chote, hakijaguswa, mpaka punje ya mwisho.

"Baba," alisema, matusi yote yamempotea. "Kula wewe. Hata tonge moja."

Mzee alimwashiria apunguze sauti, akafunika, akabonyeza.