Mali ya Profesa

Kila tunachokisema kwenye semina ya Profesa Lwiza ni mali yake. Kidude walichotutia kooni siku ya usajili kinatuziba tukiyarudia maneno hayo nje, na hata tukitaka kulalamika. Mwizi yule! Nilimsimulia jinsi bibi alivyoimba akimzaa mama juu ya dari, mafuriko yakiwa chini. "Safi sana, Salha," akasema.

Leo ni arobaini ya bibi. Mama akanishika mkono mbele ya wageni. "Wasimulie nilivyozaliwa. Alikuhadithia wewe tu."

Nikafungua mdomo. Koo likajifunga. Nikakohoa, hasira zimenipanda.

Shangazi akawasha redio kuficha aibu. "Basi tumsikilize huyo profesa wako, ana kipindi saa hizi."

Profesa alikuwa anaimba wimbo wa bibi, ule ule wa juu ya dari.

"Nyamazeni!" Mama akauachia mkono wangu. "Walau huyu anamkumbuka mama."