Mpira wa Kwanza

"Leo tunapokea," Kocha Harlan Teague alisema, na wachezaji wake wakatazamana.

Tangu aje mjini kwetu, Teague hakuwahi kutamka neno hilo. Timu yake ikishinda sarafu, huwaachia wapinzani mpira wa kwanza, yeye akajiwekea wake hadi kipindi cha pili. "Akiba haiozi," husema, na kwa akiba hiyo ameshinda mechi nyingi. Hapa Texas Magharibi mtu anaweza kukosa kanisani, lakini Ijumaa jioni hakosi uwanjani kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mkononi, na wote tulijua kocha ataamua nini kabla sarafu haijarushwa.

Mapema jioni hiyo nahodha wake, Tanner Pruitt, alikuwa amemfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Kocha, leo tupokee sisi. Daktari amemkataza Baba kutoka kitandani, lakini Mama anamleta hivyo hivyo. Kipindi cha pili hatakifikia."

"Kila mtu humu ana baba, Tanner."

"Wa kwangu anakufa."

"Najua, mwanangu. Lakini tukipoteza leo, msimu umekwisha. Siwezi kuwatoa wenzako kafara."

Tanner akainama kufunga viatu.

Baba yake, Weldon, alikuwa mtu wa visima vya mafuta, pande la mtu, hadi kansa ya mapafu ilipomla akabaki mifupa. Hakuwahi kukosa mechi ya mwanawe. Kama ilivyo desturi yetu, pikapu huegeshwa nyuma ya mstari wa mwisho zikitazama uwanja, na timu ikifunga watu hupiga honi. Honi yake Weldon aliing'oa kwenye lori bovu. Miaka yote tuliilaani kwa kutupasua masikio, na sasa, kusema kweli, tuliogopa siku ambayo hatutaisikia.

Pikapu yao ilifika jua likizama. Kocha akaenda kumjulia hali mgonjwa, maana hana adabu mbovu kiasi hicho. Aliinama kwenye dirisha la dereva, upande wa Charlene, mkewe Weldon, wakanong'ona kwa muda. Alirudi kofia ikiwa mkononi, na ndipo akatoa amri ile ya ajabu.

"Baba amekubembeleza, eh?" Tanner akauliza, uso umemchanua.

"Mama yako ndiye aliyeomba. Nenda kwenye sarafu. Ukishinda, sema tunapokea."

"Umerogwa, Harlan?" msaidizi wake akamnong'oneza.

Sarafu ikawaangukia. Wapinzani wakaupiga mpira juu, ukamshukia Tanner karibu kabisa na mstari wao, upande wa pili wa uwanja. Akaudaka, akaanza kukimbia kuelekea pikapu ya baba yake. Wa kwanza akamkosa. Wa pili akamshika jezi, akaburutwa, akaachia. Baada ya hapo hakukuwa na mtu mbele yake, na watu wazima jukwaani walikuwa wanalia hata kabla hajavuka mstari wa mwisho na kufunga.

Honi zikalia uwanja mzima. Ile ya Weldon ikazimeza zote. Tanner akaunyoosha mpira kuelekea pikapu, akiruka kama mtoto, wenzake wakamwangukia wakamfunika.

Kocha alimwachia msaidizi timu, akazunguka nje ya mstari hadi kwenye dirisha la dereva. Honi ikanyamaza.

"Asante, Harlan," Charlene alisema, akiutoa mkono wake kwenye usukani. "Sasa niitie mwanangu, nimwambie kuwa baba yake alikata roho tukiwa bado njiani."