Biwi la Nyamizi

Siku hizo udongo wa nyumbani uliruhusiwa kuwa na vijidudu vya serikali tu, vilivyogawiwa kwa pakiti kila msimu. Vya asili viliunguzwa kwa mvuke, na mtu aliyekutwa navyo mwilini alipelekwa kusafishwa. Nyamizi, mkunga mstaafu wa Tabora, hakuzitaka pakiti. Nyuma ya jiko alikuwa na biwi la mboji aliloachiwa na mama yake, akililisha maganda ya ndizi na majani makavu.

Asubuhi moja alikuja mkaguzi, naye ni Wande, binti wa kaka yake. Alichomeka kipimo kwenye biwi, kikalia.

“Shangazi, udongo huu uko hai. Lazima tuuchome.”

“Mchicha wake umeula tangu hujaota meno, mwanangu.”

“Najua. Nipe mikono niipime.”

Kipimo kikalia juu ya viganja vya Nyamizi.  Kisha Wande akakielekeza kwenye kiganja chake mwenyewe. Kikalia vilevile.

Nje ya ua wenzake walikuwa wakishusha mtungi wa mvuke.

“Wande, tuanzie wapi?” mmoja aliita.

Wande akauficha mkono mfukoni.