Mlio Ndani ya Ngumi

Solfrid alipitisha kadi mbili kwenye mashine ya mlangoni, na mashine ikalia mara mbili. Kwa hesabu ya mashine, yeye na mumewe walikuwa wamesharudi melini. Mimi mlinzi nilimwona yeye peke yake.

"Mzee yuko wapi, mama?" Asubuhi walishuka pamoja kwenda kupanda mlima hadi shamba moja lililohamwa, ukingoni mwa genge juu ya fjordi, ule mkono wa bahari uliobanwa na milima.

"Kashatangulia. Yuko chumbani anakoroma."

"Kapitaje bila kadi?"

"We mlinzi au mama mkwe wangu?" Abiria waliokuwa nyuma yake wakacheka. "Nipishe, miguu inaniuma."

Hapo nikasikia mlio mwembamba, kama wa mbu, ukitoka kwenye ngumi yake ya kushoto. Mlio huo naujua. Baba yangu anavaa kifaa sikioni cha kumsaidia kusikia, na ukikifumbata kikiwa kimewashwa, hupiga filimbi vilevile.

"Fungua mkono."

Akaikaza ngumi mpaka vifundo vikawa vyeupe. Mlio ukazidi. Hakuna aliyecheka tena.

"Mzee hukivua akitaka utulivu," akasema.

Honi ya kuondoka ikapigwa, ikarudishwa na milima pande zote mbili. Nikatazama juu kule gengeni. Asiye na kifaa chake asingeisikia.

"Ondoa daraja!" nahodha akafoka redioni. "Tumechelewa!"

Nikakaa chini, katikati ya daraja la kupandia melini.

"Livuteni na mimi, basi," nikamjibu.